Kukua na Kukomaa: Kueleza kwa Kiswahili Athari za Projestojeni katika Utando wa Mji wa Mimba baada ya Ukomo wa Hedhi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kueleza kazi ya projestojeni katika utando wa mji wa mimba kwa mwanamke aliyekoma hedhi na anayetumia tiba ya homoni. Mahali tunapopazingatia ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako mtaalamu aliyesomea taaluma yake kwa Kiingereza humweleza kwa Kiswahili mwanamke ambaye mara nyingi lugha yake ya kwanza ni Kisukuma. Tunaonyesha kwamba maneno manne ya kila siku, yaani kizazi, kusafisha, kitanzi na hedhi, yanaweza kumpotosha msikilizaji katika jambo linalogusa uhai wake. Tunapendekeza jozi ya vitenzi kukuza na kukomaza iwe msingi wa maelezo, na tunatoa mfano mfupi wa maelezo hayo.

1.0 Utangulizi

Katika vituo vya afya na hospitali za Shinyanga, Kahama na Geita, Kiswahili ndicho lugha ya chumba cha daktari. Sababu zake zinajulikana. Wasukuma ndio wengi katika eneo hili, lakini wamo pia Wasumbwa wa Bukombe na Kahama, Wazinza wa upande wa Ziwa, na watu wa kila pembe ya nchi waliovutwa na dhahabu, kwanza katika machimbo ya wachimbaji wadogo, na baadaye katika migodi mikubwa ya Geita, iliyofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu, iliyofunguliwa mwaka 2001. Mkoa wa Geita wenyewe uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Katika mchanganyiko kama huo Kiswahili hakina mshindani.

Hata hivyo, kuwapo kwa lugha moja chumbani si sawa na kuwapo kwa maana moja. Daktari amesoma elimu yake kwa Kiingereza, naye hulazimika kuitafsiri papo hapo. Mgonjwa mwenye umri wa miaka hamsini na kitu hukisikia Kiswahili hicho, kisha hukipeleka katika Kisukuma chake ili akielewe. Kwa hiyo jambo moja huvuka mito miwili kabla ya kufika.

Kazi ya kuunda istilahi imefanyika kwa bidii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Lakini kamusi ya istilahi humfaa zaidi mtu aliye na dhana na anayetafuta neno. Mwanamke wa Nyarugusu au Kakola hatafuti neno. Anatafuta kujua kinachotokea tumboni mwake. Hapo ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza upya.

Jambo tulilolichagua ni hili: mwanamke aliyekoma hedhi, na ambaye bado ana mji wa mimba, akipewa homoni ya estrojeni peke yake, utando wa ndani wa mji huo unaweza kukua kupita kiasi, na baada ya muda ukazaa saratani. Akipewa estrojeni pamoja na projestojeni ya kutosha, hatari hiyo huzuilika.

Msomaji anaweza kuuliza: je, tiba hii ina watumiaji wangapi Shinyanga? Ni kweli kwamba tiba ya homoni si tiba ya zahanati ya kijiji; aghalabu huanzishwa na madaktari bingwa katika hospitali kubwa. Lakini hoja yetu haitegemei wingi wa watumiaji wake, kwa kuwa estrojeni isiyo na mwenzake hupatikana hata pasipo kidonge. Kwa mwanamke mnene aliyekoma hedhi, mafuta ya mwili hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Vilevile, mgonjwa wa saratani ya matiti anayetumia tamoksifeni anatumia dawa ambayo katika titi huizuia estrojeni, lakini katika utando wa mji wa mimba huweza kutenda kama estrojeni yenyewe. Wanawake wote hawa watatu huonywa na dalili moja: damu inayotoka baada ya hedhi kukoma. Anayeelewa kazi ya projestojeni ataelewa pia kwa nini damu hiyo haipuuzwi.

2.0 Utando na homoni zake

Mji wa mimba una ukuta mnene wa misuli. Ndani ya ukuta huo umo utando laini ambao wataalamu huuita endometriamu. Utando huu una matabaka mawili. Tabaka la chini limeshikamana na misuli wala halibanduki. Tabaka la juu ndilo linalokua, linalobadilika na linalobanduka kila mwezi, kisha likachipua tena kutoka katika tabaka la chini.

Katika umri wa kuzaa, ovari hutoa homoni mbili zinazohusika hapa. Estrojeni hutangulia. Huingia katika vipokezi vilivyomo ndani ya seli za utando na kuzifanya zigawanyike, hivyo utando hunenepa. Baada ya yai kutoka, projesteroni hufuata. Hiyo haiendelezi ukuaji, bali huubadilisha: mgawanyiko wa seli za tezi hupungua na hatimaye kusimama, tezi huanza kutoa majimaji yenye lishe, na nyama inayozizunguka hujiandaa kupokea mimba. Mimba isipotungwa, homoni zote mbili hushuka, tabaka la juu hubanduka, na mwanamke huona siku zake.

Inafaa kutofautisha maneno mawili yanayokaribiana mno kwa sauti. Projesteroni ni homoni moja, ile ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Projestojeni ni jina la kundi zima, yaani projesteroni pamoja na dawa zilizotengenezwa ili zifanye kazi kama yake, mathalani medroksiprojesteroni, norethisteroni, didrojesteroni na levonojestreli. Katika mazungumzo ya haraka tofauti hii hupotea, nayo ina maana kwa mgonjwa, kwa kuwa dawa hizi hazilingani kwa kipimo wala kwa madhara.

Jina lenyewe linahitaji tahadhari. Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen, nchini Marekani, walionyesha kwamba kitu kinachotolewa na ovari baada ya yai kutoka kinaweza kuidumisha mimba ya sungura. Mwaka 1934 homoni hiyo ilipatikana ikiwa safi, na jina lililochaguliwa likachukua sehemu yake kutoka katika Kilatini, kwa maana ya kusaidia kubeba mimba. Kwa hiyo jina linaeleza kazi moja tu, tena ile isiyomhusu kabisa mwanamke mwenye umri wa miaka 55. Tukimtafsiria jina tutampotosha. Hatuna budi kumweleza kazi.

Kazi hiyo inaweza kugawanywa katika hatua nne. Kwanza, projestojeni hupunguza idadi ya vipokezi vya estrojeni katika seli, hivyo amri ya kukua hupata wasikilizaji wachache. Pili, huchochea kimeng'enya kinachogeuza estradioli, iliyo estrojeni kali, kuwa estroni iliyo dhaifu. Tatu, huzielekeza seli kwenye ukomavu badala ya mgawanyiko. Nne, ikitumika kila siku kwa muda mrefu, tezi hunywea na utando hubaki mwembamba. Ni jambo la kuzingatia kwamba vipokezi vya projesteroni huongezwa na estrojeni yenyewe. Anayekuza ndiye anayemwandalia mlango mdhibiti wake.

Baada ya ukomo wa hedhi, yaani miezi kumi na miwili mfululizo bila kuona siku, ovari huacha kutoa homoni hizo kwa kiwango cha awali. Utando hupungua unene. Lakini tabaka la chini bado lipo, na vipokezi vyake bado vinaweza kuitika. Estrojeni ikirudi, iwe kwa kidonge, kwa kibandiko cha ngozini au kwa njia nyingine, utando huamka.

3.0 Ushahidi wa miaka hamsini

Estrojeni ilitolewa kwa wanawake wengi wa Marekani katika miaka ya 1960 na ya mwanzo ya 1970, mara nyingi bila projestojeni. Desemba 1975 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili zilizoonyesha uhusiano kati ya matumizi hayo na saratani ya utando wa mji wa mimba. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watumiaji wa estrojeni peke yake walikuwa na hatari ya zaidi ya mara mbili ya wasiotumia, na kwamba kwa waliotumia miaka kumi au zaidi hatari hiyo ilikaribia mara kumi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu projestojeni ulitoka katika utafiti uitwao PEPI, uliofanyika Marekani kwa miaka mitatu. Matokeo yake kuhusu utando yalichapishwa mwaka 1996, nayo yaliwahusu wanawake 596 waliokuwa na mji wa mimba. Miongoni mwa waliopewa estrojeni peke yake, asilimia 27.7 walipata ukuaji wa kupita kiasi ulio wa kawaida, asilimia 22.7 walipata ulio changamano, na asilimia 11.8 walipata ule wenye seli zilizopotoka, ambao ndio ulio karibu zaidi na saratani. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, tarakimu hizo zilikuwa 0.8, 0.8 na 0. Waliopewa estrojeni pamoja na projestojeni, kwa njia yoyote kati ya tatu zilizojaribiwa, hali ya utando wao ililingana na ya wasiopewa dawa.

Hata hivyo, ulinzi huo una gharama. Julai 2002 sehemu moja ya utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wa Marekani, iliyohusisha wanawake 16,608 waliopewa estrojeni pamoja na medroksiprojesteroni au kidonge kisicho na dawa, ilisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa hatari za saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa moyo na damu kuganda zilizidi manufaa. Ndiyo maana projestojeni haitolewi kwa mazoea. Mwanamke aliyeondolewa mji wa mimba kwa kawaida hupewa estrojeni pekee, kwa sababu hana utando wa kulindwa. Mwenye mji wa mimba hupewa zote mbili. Swali la kwanza la daktari, basi, ni la lugha nyepesi lakini lenye uzito: je, mji wa mimba upo?

4.0 Njia mbili za kutumia na maana ya damu

Projestojeni hutolewa kwa njia kuu mbili. Katika njia ya mzunguko, mwanamke hutumia estrojeni kila siku na projestojeni kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Siku za projestojeni zikiisha, utando uliokomaa hubanduka na damu hutoka. Damu hiyo inatarajiwa. Inayotoka nje ya wakati huo haitarajiwi, na hapana budi ichunguzwe.

Katika njia ya mfululizo, homoni zote mbili hutumika kila siku. Lengo ni utando ubaki mwembamba na damu isitoke kabisa. Katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo matone yanaweza kuonekana. Damu ikiendelea baada ya hapo, au ikirudi baada ya kukauka, ni wajibu kuchunguza.

Kwa mwanamke asiyetumia homoni yoyote, kanuni ni nyepesi zaidi: damu yoyote baada ya ukomo wa hedhi, hata tone, hata mara moja, hupelekwa hospitali. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya kumi na mmoja wenye dalili hii hukutwa na saratani ya utando, na kwamba wanawake tisa kati ya kumi wenye saratani hiyo walikuwa wametokwa na damu. Kwa hiyo wengi wenye dalili hawana saratani, lakini karibu wote wenye saratani wana dalili. Ni nadra mwili kuwa mkweli kiasi hicho.

Uchunguzi huanza kwa kipimo cha ultrasaundi kinachopima unene wa utando. Kwa muda mrefu unene usiozidi milimita 4 umehesabiwa kuwa dalili ya usalama. Tafiti zilizotolewa Marekani mwaka 2021 na 2024 zimetahadharisha kwamba kwa wanawake weusi kipimo hiki peke yake huacha baadhi ya saratani bila kubainika, kwa sehemu kwa kuwa uvimbe wa misuli ya mji wa mimba huuficha utando, na kwa sehemu kwa kuwa baadhi ya saratani zao haziunenepeshi. Tahadhari hiyo yatuhusu. Damu ikiendelea, ni bora kuchukua kinyama na kukipima katika maabara, hata kama picha imesema salama.

5.0 Maneno manne yanayoweza kupotosha

5.1 Kizazi. Neno hili lina maana ya watu wa rika moja, na ya uwezo wa kuzaa, na katika usemi wa kila siku ndilo jina la mji wa mimba wenyewe. Hapo ndipo matatizo mawili yanapoingia. Tatizo la kwanza ni katika vitenzi vinavyoandamana nalo. Kutoa kizazi ni kuondoa mji wa mimba kwa upasuaji. Kufunga kizazi ni kufunga mirija tu, na mji wa mimba hubaki mahali pake pamoja na utando wake. Mwanamke akiulizwa kwa haraka kama kizazi chake "kilishughulikiwa", akajibu ndiyo kwa kuwa alifunga baada ya mtoto wa saba, anaweza kuandikiwa estrojeni bila projestojeni. Vitenzi viwili vimechanganywa, na utando umekosa mlinzi.

Tatizo la pili ni katika jina la saratani. Elimu kwa umma kuhusu saratani ya shingo ya kizazi imeenea nchini, na chanjo ya kuikinga ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Upimaji wake, ukiwamo ule wa kupaka siki maalumu, huchunguza shingo tu, yaani mlango. Haufiki ndani. Anayepimwa na kuambiwa "kizazi chako kiko salama" ameambiwa zaidi ya kile kilichoonekana. Tunapendekeza sentensi iwe "mlango wa mji wa mimba uko salama", na yafuate maneno "utando wa ndani hatujaupima".

5.2 Kusafisha. Kusafisha kizazi ni jina la kawaida la kukwangua mji wa mimba baada ya mimba kuharibika. Jina hilohilo hutumika mtaani kwa dawa za mitishamba zinazodaiwa kutoa uchafu. Ndani yake imo imani kwamba damu ni taka na kutoka kwake ni tohara ya mwili. Madhara yake kwa mada yetu ni mawili. Mwanamke mzee akiambiwa kwamba atasafishwa, anaweza kukataa kwa aibu, akidhani anashukiwa kutoa mimba. Na anayetokwa na damu bila kutarajiwa anaweza kufurahi kwamba mwili unajisafisha, akanunua dawa ya kuuongezea kasi. Neno kinyama, linalotumiwa na wauguzi wenyewe, ni bora: "tutachukua kinyama kidogo cha utando tukipime". Linataja kitu na kusudi, wala halimhukumu mtu.

5.3 Kitanzi. Neno hili hutaja vifaa vyote vya uzazi wa mpango vinavyowekwa ndani ya mji wa mimba. Lakini kipo kitanzi cha shaba, kisicho na homoni yoyote, na kipo kitanzi chenye levonojestreli, ambacho huimwaga projestojeni moja kwa moja juu ya utando. Kile chenye miligramu 52 hutumika kulinda utando katika tiba ya homoni, na pia kutibu baadhi ya hali za ukuaji wa kupita kiasi. Cha shaba hakilindi. Kwa neno moja tumetaja kinga na kisicho kinga. Hali inafanana katika sindano ya miezi mitatu. Dawa iliyomo ndani yake ni medroksiprojesteroni, jamaa ya ileile iliyojaribiwa katika tafiti tulizozitaja. Mabinti wa Katoro na Kahama wanaijua vyema kwa jina la sindano, ingawa mama zao hawajawahi kusikia neno projestojeni. Ujuzi huo wa mabinti ni daraja zuri la kufundishia, mradi ielezwe kwamba sindano na vijiti vya uzazi wa mpango havikuandaliwa kwa ajili ya ulinzi huu, na havitumiki badala ya dawa aliyoandikiwa mtu.

5.4 Hedhi. Damu ya tiba ya mzunguko hufanana na hedhi kwa macho, lakini yai halijatoka na uwezo wa kuzaa haujarudi. Tukiiita hedhi, tunampa mwanamke tumaini au hofu isiyo na msingi. Kiswahili hakikosi akiba hapa. Elimu ya dini ya Kiislamu imetupatia neno istihadha kwa damu isiyo ya hedhi wala ya nifasi, na wasemaji wengi wa mijini wanalijua. Si lazima tulichukue kwa maana yake ya kisheria. Inatosha kwamba limetuonyesha kuwa lugha yetu ilikwisha kutenganisha damu na damu. Tunapendekeza damu ya dawa kwa inayotarajiwa katika tiba, na damu isiyotarajiwa kwa nyingine yote baada ya ukomo.

6.0 Sitiari ya ngitili na mipaka yake

Katika nchi ya Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Desturi hii ilihuishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986. Inafaa sana kama sitiari ya utando. Mizizi ni tabaka la chini; nyasi ni tabaka la juu; mvua ni estrojeni; kukomaa kwa nyasi ni kazi ya projestojeni; na kuingia kwa ng'ombe ni hedhi. Nyasi huliwa, mizizi hubaki, na msimu hujirudia. Baada ya ukomo wa hedhi mvua zimekatika, lakini mizizi haijafa.

Hata hivyo, sitiari isiyowekewa mipaka hudanganya. Mpaka wa kwanza ni wa thamani. Kwa mfugaji, nyasi nyingi ni neema. Hakuna anayelalamika kwamba ngitili yake imestawi mno. Katika mji wa mimba, kukua bila kukomaa ndiko hatari. Mwalimu asipolisema hili waziwazi, msikilizaji ataondoka akiwa na hitimisho lililo kinyume cha somo. Mpaka wa pili ni wa heshima. Sitiari ya mvua huvuta nyuma yake neno kukauka, na mwanamke mkavu ni tusi. Tungependa kusema kwamba utando umepumzika. Kupumzika ni hali ya heshima kwa mtu aliyefanya kazi, na hueleza ukweli wa kisayansi kuliko kukauka, kwa kuwa kilichopumzika kinaweza kuamshwa.

Suala la heshima si pambo. Eneo hili lina historia chungu ya miili ya wanawake wazee kusomwa vibaya. Macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni, yamechukuliwa kuwa dalili ya uchawi, na wanawake wameuawa kwa sababu hiyo. Mwanamke anayeishi na kumbukumbu ya namna hii ana haki ya kusita kutaja dalili nyingine ya ajabu katika mwili wake. Kwa hiyo maelezo yatolewe faraghani, na yaanze kwa kumtoa wasiwasi kwamba dalili yake ina sababu inayojulikana na kupimika.

7.0 Mfano wa maelezo

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya mafunzo ya wauguzi. Msemaji ni muuguzi kijana. Msikilizaji ni mama mwenye umri wa miaka 56 aliyeandikiwa tiba ya homoni katika hospitali ya rufaa.

– Shikamoo mama.
– Marahaba mwanangu.
– Mama, naomba nikuulize jambo la faragha. Je, uliwahi kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mji wa mimba wote, au ulifunga mirija tu?
– Nilifunga, nilipomzaa yule wa mwisho.
– Basi mji wa mimba bado upo, na ndani yake upo utando. Tangu siku zako zikome, utando huo umepumzika. Kidonge hiki cha kwanza kitatuliza joto lile la ghafla, lakini kitauamsha utando na kuukuza. Hiki cha pili kazi yake ni kuukomaza, usikue kupita kiasi. Ukimeza cha kwanza ukaacha cha pili, ni sawa na kulima bila kuvuna: mwishowe shamba huwa pori.
– Na cha pili kikiisha kabla ya hiki kingine?
– Usiendelee na kimoja peke yake, mama. Rudi kwetu upesi. Na ukiona damu wakati ambao hatukukuambia uitarajie, hata tone moja, usisubiri ikome.
– Si nitakuwa nimerudia usichana?
– Hapana, mama. Ni damu isiyotarajiwa. Tutachukua kinyama kidogo tukipime, tujue.

Ni vyema kutambua mambo matatu katika mfano huu. Swali la upasuaji limetenganisha kuondoa na kufunga. Vitenzi kukuza na kukomaza vimebeba elimu yote, bila jina la homoni hata moja. Na swali la mama kuhusu dawa kuisha limepata jibu la vitendo, kwani katika maeneo ya mbali na hospitali kubwa upatikanaji wa dawa mbili kwa pamoja hauna uhakika, na ni rahisi mtu kuendelea na ile inayomwondolea usumbufu na kuiacha ile asiyoiona faida yake. Faida ya projestojeni haisikiki mwilini. Huonekana tu kwa lile ambalo halikutokea, na kitu cha namna hiyo hutegemea maelezo kuliko dawa nyingine yoyote.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kueleza athari za projestojeni hakuhitaji istilahi nyingi mpya. Kunahitaji vitenzi viwili vilivyokwishakomaa katika lugha, uangalifu katika maneno manne yaliyozoeleka, na sitiari ya mahali iliyowekewa mipaka. Istilahi kama endometriamu na projestojeni zibaki katika vitabu na katika cheti cha dawa. Mahali pa mazungumzo ziachie nafasi utando, kukuza na kukomaza.

Kazi inayobaki ni ya pande mbili. Vyuo vya uuguzi na udaktari vya Kanda ya Ziwa vingefaidika kwa kuwa na somo fupi la maelezo kwa Kiswahili, lenye mifano iliyosahihishwa na wanawake wenyewe. Idara za Kiswahili nazo zingefaa kupeleka wanafunzi wao katika uwanja huu, wakusanye maneno ya Kisukuma, Kisumbwa na Kizinza yanayohusu mji wa mimba na ukomo wa hedhi, kabla ya kizazi cha wanaoyajua hakijaondoka. Mwanamke akijua kwamba damu isiyotarajiwa ni habari inayopaswa kufikishwa hospitali, na akapata maneno ya kuifikisha bila aibu, lugha itakuwa imetangulia kufanya sehemu yake ya tiba.